Zana ipi ya kuzalisha trafiki inafaa kujaribu usanifu wa mtandao?

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Ninasanifu mtandao wa kampuni yenye makao makuu na matawi matatu. Kila tawi litakuwa na njia ya megabiti 100 kwa sekunde, na tawi la mbali zaidi lina muda wa kwenda na kurudi wa milisekunde 80. Makao makuu kuna fayawoli moja ambayo intaneti yote itapitia, swichi mbili zilizounganishwa kwa nyaya mbili za gigabiti 1 zilizofungwa pamoja kwa LACP (itifaki inayofanya nyaya kadhaa zifanye kazi kama moja), na simu za IP kila ofisi. Kila usiku takriban gigabaiti 200 za data ya tawi zitanakiliwa kwenda makao makuu. Nina seva mbili za Linux zenye kadi za gigabiti 10. Nimetajiwa iperf3, TRex, Ostinato, tcpreplay na D-ITG, kila mtu akisifia yake. Nichague ipi?

Jibu: Kwa mtandao huu utahitaji mbili: iperf3 kwa njia za matawi, simu na nyaya za LACP, na TRex kwa fayawoli. Utaongeza netem, ambayo haizalishi trafiki ila inakupa umbali bandia ndani ya maabara. Tcpreplay iweke pembeni kwa kazi moja nitakayoitaja chini. Ostinato na D-ITG si mbaya, lakini unaweza kuimaliza kazi hii bila kuzigusa.

Orodha hiyo haitakusaidia kama hujaandika kwanza usanifu wako unadai nini. Kila mchoro wa mtandao una madai ndani yake, na zana huchaguliwa kwa dai unalotaka kulivunja. Katika maelezo yako nimeona matano: kwamba nakala ya usiku itakamilika kabla ya asubuhi, kwamba simu haitakatikakatika nakala hiyo ikiendelea, kwamba fayawoli itahimili watu wote wakiingia kazini kwa pamoja, kwamba nyaya mbili za LACP zitagawana mzigo, na kwamba waya mmoja ukikatika, mwingine utachukua kazi haraka. Kila moja liandikie namba na kikomo cha kufeli. "Mtandao uwe na kasi nzuri" si dai, maana hakuna jaribio linaloweza kulikataa.

Zana inayosikiliza na isiyosikiliza

Tofauti kubwa kati ya zana hizi ni kama zinasikiliza mtandao au hazisikilizi. Iperf3 ikitumia TCP (itifaki inayosubiri uthibitisho kwamba data imefika) husikiliza: pakiti ikipotea hupunguza mwendo, njia ikiwa wazi huongeza. Kwa hiyo inajibu swali la "programu halisi itapata kasi gani hapa?" Iperf3 ikitumia UDP (itifaki inayotuma bila kusubiri uthibitisho), TRex katika hali yake isiyofuatilia miunganisho, Ostinato na pktgen, zana iliyo ndani ya kerneli ya Linux, hazisikilizi. Zinatuma kwa kasi uliyoagiza hata kama upande wa pili hakuna kinachofika. Hizo zinajibu swali jingine: "kifaa hiki kinaanza kumwaga pakiti kwenye kasi gani?"

Ukichanganya maswali haya mawili utapata namba sahihi kwa swali ambalo hukuuliza. Ukipima swichi kwa TCP, unapima zaidi tabia ya kompyuta zilizo pembeni. Ukipima njia ya tawi kwa UDP ya megabiti 95, unajua kwamba waya unabeba megabiti 95, lakini hujui kama nakala ya usiku itafikia hata kumi.

Tukae kidogo kwenye nakala hiyo. Gigabaiti 200 kwenye njia ya megabiti 100, TCP ikibeba data halisi ya megabiti 94, huchukua saa 4 na dakika 43. Inaonekana inatosha. Lakini programu ya kunakili ikitumia dirisha la TCP (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kungoja uthibitisho) la kilobaiti 64, na muda wa kwenda na kurudi ni milisekunde 80, hutuma kilobaiti 64 kisha inasubiri milisekunde 80, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hiyo ni takriban megabiti 6.5 kwa sekunde, yaani saa 68. Njia haina kosa lolote, na ukiinunua ya gigabiti 1 matokeo yatabaki yale yale. Kujaza megabiti 100 kwa milisekunde 80 kunahitaji dirisha la megabaiti 1. Linux ya kisasa hulikuza lenyewe hadi hapo, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida cha kupokea ni megabaiti 6 au zaidi. Tatizo hutokea kwenye programu zinazojipangia ukubwa wa bafa, na kwenye vifaa vya kuhifadhi data vya zamani.

Pima mashine zako kabla ya mtandao

Hatua hii wengi huiruka, halafu wanaandika ripoti kuhusu prosesa ya seva yao wakidhani wanaandika kuhusu swichi. Unganisha seva zako mbili kwa waya mmoja, bila kitu katikati, kisha endesha jaribio lile lile utakaloendesha baadaye. Kasi utakayopata hapo ndiyo kikomo chako; namba yoyote inayokikaribia katika majaribio ya baadaye haisemi lolote kuhusu mtandao.

Namba za kulinganisha ni hizi. Kwenye Ethernet ya gigabiti 1, pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 huchukua baiti 1,538 za waya ukihesabu kichwa cha fremu, alama za mwanzo na pengo kati ya fremu. TCP yenye mihuri ya muda hubaki na baiti 1,448 za data, kwa hiyo ukipata megabiti 941 umefika mwisho. Usihangaike kutafuta 1,000. Kwenye gigabiti 10 ni 9.41. Kwa fremu ndogo za baiti 64, gigabiti 1 ni fremu 1,488,095 kwa sekunde na gigabiti 10 ni zaidi ya milioni 14.88. Iperf3 haifiki karibu na namba hizo za mwisho, maana kila pakiti inapita kwenye kerneli. Hapo ndipo TRex inapoingia.

Ukiona UDP inapoteza pakiti hata kwenye waya huo mmoja, angalia mambo mawili. Amri ya `nstat -az UdpRcvbufErrors` ikionyesha namba inayopanda, pakiti zilifika salama na zikamwagwa kwa sababu programu haikuzisoma kwa wakati. Kwenye Linux nyingi kikomo cha kawaida cha bafa ya soketi ni baiti 212,992 tu. Kiongeze kupitia `net.core.rmem_max` na `net.core.wmem_max`, kisha ongeza `-w 2M` kwenye iperf3. Na `ethtool -S eth1` ikionyesha fremu zilizokosa nafasi kwenye kadi yenyewe, prosesa imelemewa au imewekwa kwenye hali ya kuokoa umeme.

Zima pia fremu za kusimamisha kwa `ethtool -A eth1 rx off tx off`. Zikiwa hai, swichi iliyojaa inaweza kuiambia seva yako ipumzike, seva inatii, na wewe unasoma upotevu wa sifuri na kuisifia swichi. Angalia pia toleo la iperf3. Kabla ya 3.16, mikondo yote ya `-P` iliendeshwa na uzi mmoja wa prosesa, kwa hiyo `-P 8` haikuongeza nguvu ya mashine hata kidogo. Kuanzia 3.16 kila mkondo una uzi wake.

Ukiamua kutumia seva moja yenye poti mbili kutuma na kupokea, kuna mtego. Linux ikiona anwani zote mbili ni zake, itapitisha trafiki ndani kwa ndani bila kugusa waya, na utaona makumi ya gigabiti kwenye kadi ya gigabiti 10. Tenganisha poti kwa namespace, yaani vyumba tofauti vya mtandao ndani ya Linux moja:

```
ip netns add A
ip link set eth1 netns A
ip netns exec A ip addr add 198.18.1.2/24 dev eth1
ip netns exec A ip link set eth1 up
ip netns exec A ip route add default via 198.18.1.1
```

Rudia kwa B ukitumia eth2 na mtandao wa 198.18.2.0/24. Anwani za 198.18.0.0/15 zimetengwa rasmi kwa majaribio ya namna hii, kwa hiyo hata zikivuja hazitagongana na anwani za mtu mwingine. Mpangilio huu una faida moja kubwa: saa ni moja, hivyo ucheleweshaji wa upande mmoja unapimika bila kulinganisha saa za mashine mbili.

Umbali bandia

Kwenye meza ya maabara muda wa kwenda na kurudi ni sehemu ndogo ya milisekunde, na kila kitu hufaulu. Weka mashine ya tatu katikati, yenye poti mbili zilizounganishwa kama daraja, na kwenye kila poti:

```
tc qdisc add dev eth1 root netem delay 40ms limit 10000
```

Milisekunde 40 kila upande zinakupa 80 zako. Usiiweke netem kwenye seva inayotuma, kwa sababu TCP ya Linux hufuatilia foleni ya mashine yake yenyewe na itaathiriwa kwa namna ambayo njia halisi isingeiathiri. Usisahau neno `limit`. Bila hilo netem hushika pakiti 1,000 tu kwa wakati mmoja. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 40 na pakiti za baiti 1,500, hiyo ni kikomo cha megabiti 300 kwa sekunde, na zinazozidi zinamwagwa kimya kimya. Kwenye njia zako za megabiti 100 hungeligundua, lakini siku utakapopima za gigabiti 1 ungeilaumu ruta. Zima pia GRO kwa `ethtool -K eth1 gro off`, la sivyo kerneli inaunganisha pakiti kadhaa kuwa moja kubwa na hesabu zote za netem zinaharibika.

Kuwa mwangalifu unapoongeza kuyumba kwa ucheleweshaji (jitter), kwa mfano `delay 40ms 5ms`. Kila pakiti hupewa ucheleweshaji wake, kwa hiyo zilizotoka nyuma huwahi kufika, na TCP inaweza kudhani zile za mbele zimepotea. Kwa simu inafaa; kwa nakala ya usiku iache.

Upotevu ndio unaotisha kuliko watu wanavyodhani. Ongeza `loss 0.01%`, yaani pakiti moja katika 10,000. Kwa Reno, kanuni ya kizamani ya TCP ya kupanga kasi, kwenye milisekunde 80, hesabu inatoa takriban megabiti 18 kwa mkondo mmoja. Cubic, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Linux, hufanya vizuri zaidi, lakini usitegemee ijaze njia. Jaribu zote mbili kwa `-C reno` na `-C cubic`, kisha uone nakala yako itahitaji mikondo mingapi sambamba.

Amri yenyewe ya nakala ni hii:

```
iperf3 -c 198.18.2.2 -t 60 -O 5 -J > nakala-1.json
```

`-O 5` hutupa sekunde 5 za mwanzo ambapo TCP bado inapanda. Endesha mara tano, halafu `-R` mara tano kwa upande wa pili, maana njia nyingi hazifanani kwenda na kurudi. Usiripoti wastani peke yake. Andika ya katikati na mbaya kuliko zote.

Simu wakati wa msongamano

Simu ya G.711, mfumo wa kawaida wa kusimba sauti, hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 12 za kichwa cha RTP, itifaki inayobeba sauti. Kwa iperf3, simu 20 kwa pamoja ni:

```
iperf3 -c 198.18.2.2 -p 5202 -u -b 68800 -l 172 -P 20 --dscp 46 -t 60
```

Kasi ya `-b` ni ya kila mkondo, si ya jumla. Ukiongeza vichwa vya UDP, IP na Ethernet, kila simu ni kilobiti 87.2 kwa sekunde, na zote 20 ni megabiti 1.75 hivi. Ni ndogo sana mbele ya megabiti 100, na ndiyo sababu tatizo la simu si kasi bali foleni.

Endesha kwanza simu peke yake. Kisha, ikiwa inaendelea, washa mikondo 8 ya TCP kutoka tawi hilo hilo kwenda makao makuu. Seva moja ya iperf3 hupokea jaribio moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo washa mbili, moja kwenye poti 5201 na nyingine 5202. Ukisahau utaambiwa seva ina shughuli. Sasa linganisha upotevu na kuyumba kwa ucheleweshaji kabla na baada. Endesha na `ping` sambamba. Iperf3 haikuonyeshi ucheleweshaji wa pakiti za UDP, inaonyesha kuyumba tu, na foleni iliyojaa kwa utulivu inaweza kuwa na kuyumba kidogo na bado kila pakiti imechelewa milisekunde 300. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mazuri. 40 umeshazitumia kwenye umbali.

Matokeo yakiwa mabaya, usikimbilie kubadilisha ukubwa wa foleni. Kwanza hakikisha alama ya 46 (ile ya `--dscp`, inayoviambia vifaa pakiti ipewe kipaumbele) inafika. Swichi nyingi hufuta alama kwenye poti ambayo haijaambiwa iiamini. Upande wa kupokea endesha `tcpdump -ni eth1 -v udp port 5202` na utafute `tos 0xb8`. Ukiona `tos 0x0`, simu zako zinasafiri katika foleni moja na nakala ya usiku, na mpangilio wa ruta unaotegemea alama hiyo hautaziokoa.

Flent inafaa hapa kama unataka picha badala ya namba: huendesha netperf na ping kwa pamoja na kuchora grafu. Jaribio lake la RRUL hupakia njia pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ruta zenye bafa kubwa kupita kiasi huonekana ndani ya dakika moja.

Fayawoli: hapa ndipo iperf3 inakudanganya

Fayawoli hutumia nguvu zake kwa kila pakiti na kwa kila muunganisho mpya, si kwa kila baiti. Iperf3 inafungua muunganisho mmoja na kusukuma pakiti kubwa. Fayawoli hukagua ya kwanza, huweka kumbukumbu kwenye jedwali, na zilizobaki hupita njia ya mkato. Ni mtihani rahisi kuliko yote unaoweza kuipa. Trafiki ya watu mia tatu wakifungua barua pepe saa mbili asubuhi haifanani na hiyo hata chembe.

TRex isiyofuatilia miunganisho nayo ina udhaifu ule ule ukiitumia bila kubadilisha anwani: pakiti milioni kumi za UDP zenye anwani na poti zile zile ni muunganisho mmoja tu machoni pa fayawoli. Kwa hiyo tumia hali ya ASTF, ambayo huigiza wateja na seva wenye TCP kamili, maelfu ya anwani, kila upande ukiwa na poti yake:

```
./t-rex-64 -i --astf
start -f astf/http_simple.py -m 1000 -d 60
```

Amri ya pili inaandikwa ndani ya `trex-console`. `-m` huzidisha idadi ya miunganisho mipya kwa sekunde. Panda hatua kwa hatua, 500, 1,000, 2,000, na kila hatua tazama fayawoli yenyewe: prosesa yake, na idadi ya miunganisho iliyo kwenye jedwali. Jedwali hujaa kwa hesabu nyepesi: miunganisho mipya 2,000 kwa sekunde, kila mmoja ukidumu sekunde 30, ni 60,000 kwa wakati mmoja. Maulizo ya DNS huongeza zaidi, kwa sababu muunganisho wa UDP hauna mwisho unaojulikana na kumbukumbu yake hukaa hadi muda wake uishe.

Kabla ya kusakinisha, hakikisha kadi zako zinakubaliwa na DPDK, maktaba ambayo TRex hutumia kuiruka kerneli, na uwe na poti kwa jozi. Poti ukizikabidhi kwa TRex, Linux haizioni tena. Usiikabidhi ile unayotumia kuingilia kwa SSH.

Kuna wanaojaribu kazi hii kwa wrk, kwa kuwa ni nyepesi kusakinisha. Kwa kupima seva ya wavuti ni nzuri, lakini kwa fayawoli itakwama mapema. Linux hutoa poti za muda kutoka 32768 hadi 60999, jumla 28,232. Upande unaofunga muunganisho kwanza huishika poti kwa sekunde 60 zaidi. Anwani moja ya mteja kwenda anwani na poti moja ya seva haiwezi basi kuzidi miunganisho mipya 470 hivi kwa sekunde kwa muda mrefu, na utadhani umeifikisha fayawoli mwisho kumbe umefikia mwisho wa kompyuta yako. Tena wrk hungoja jibu kabla ya kutuma ombi jingine, kwa hiyo fayawoli ikiganda sekunde mbili, wrk nayo inaganda, na maombi ambayo yangecheleweshwa hayahesabiwi. Wrk2 hurekebisha hilo kwa kutuma kwa kasi isiyobadilika.

Kwa pakiti za ukubwa mchanganyiko tumia `stl/imix.py` ya TRex. Mchanganyiko wa kawaida wa IMIX ni pakiti 7 za baiti 40, 4 za 576 na 1 ya 1,500, wastani wake ukiwa baiti 340. Hapo fayawoli iliyoandikiwa gigabiti 10 kwenye karatasi za muuzaji huonyesha sura yake. Kama utafuata RFC 2544, mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao, kila jaribio la kasi liwe la sekunde 60 au zaidi, na kasi inayokubalika ni ile ya juu kabisa isiyopoteza fremu hata moja. Itafute kwa kugawa nusu: 100% ikifeli nenda 50%, ikifaulu 75%, na kuendelea.

Nyaya mbili za LACP

Swichi huamua pakiti ipite waya upi kwa hesabu ya anwani, na wakati mwingine poti. Mkondo mmoja daima hupita waya mmoja. Ukipima kwa iperf3 na kupata megabiti 941, LACP haijafeli, ndivyo ilivyo. Hata `-P 16` inaweza kubaki kwenye waya mmoja kama swichi inahesabu anwani za IP pekee, kwa sababu anwani ni zile zile na kinachobadilika ni poti. Angalia kwanza swichi imepangwa kuhesabu nini, kisha zalisha trafiki inayobadilisha kitu hicho hicho: anwani nyingi za ziada kwenye kadi kwa iperf3, au safu ya anwani kwa TRex. Soma kaunta za kila waya kwenye swichi, si jumla ya iperf3.

Kwa waya kukatika, tuma UDP ya pakiti 1,000 kwa sekunde: `-u -b 800k -l 100`. Kila pakiti iliyopotea ni milisekunde moja. Chomoa waya sekunde ya 20, urudishe sekunde ya 40, na usome upotevu wa kila sekunde. Mara nyingi kurudi kwa waya hupoteza pakiti nyingi kuliko kukatika kwake, na hakuna anayekumbuka kupima hilo. Kumbuka pia kwamba kuna hitilafu ambazo hazizimi taa ya poti, na kuchomoa waya hakuzipimi.

Zana zinazotuma upande mmoja tu, kama pktgen na Ostinato, zina mtego hapa. Swichi hujifunza anwani ya MAC kwa kuona pakiti ikitoka kwake. Mpokeaji akikaa kimya, swichi nyingi humsahau baada ya sekunde 300, kisha humwaga trafiki yake kwenye poti zote. Jaribio linaloanza vizuri na kuharibika dakika ya tano karibu kila mara ni hilo. Mpokeaji atume pakiti moja kila dakika.

Zilizobaki

Tcpreplay hurudisha kwenye waya pakiti ulizonasa. Inafaa kuuliza kama mfumo wa kugundua uvamizi unatambua trafiki fulani, au fayawoli inaitambua programu fulani. Pakiti zake zinafanana na TCP lakini hakuna TCP nyuma yake: seva ikijibu, tcpreplay haisikii. Usiipe kazi ya kupima kasi ya programu. Ukinasa kwenye mashine iliyotuma, checksum (namba za kuhakiki pakiti) nyingi zitakuwa mbovu kwa sababu kadi ndiyo ingezikamilisha. Zirekebishe kwa `tcprewrite --fixcsum`.

Ostinato ina skrini ya kubofya na ni nzuri kutengeneza fremu zisizo za kawaida. Scapy hufanya hivyo hivyo kwa Python, ila ni ya polepole mno kwa mzigo. D-ITG ina mifano mizuri ya kitakwimu ya muda kati ya pakiti; ni ya watafiti zaidi.

Kama sehemu ya mtandao bado iko kwenye maabara pepe ya GNS3 au Containerlab, endesha humo majaribio ya njia, ya kukatika na ya alama za DSCP, lakini kasi usiiandike popote. Ruta pepe hutumia prosesa ya kompyuta yako, na matoleo ya majaribio mengi hubanwa kasi kwa makusudi.

Njia halisi za matawi zikishafika, usipeleke majaribio ya RFC 2544 juu yake. RFC 6815 ilitolewa mahususi kuyakataza kwenye mitandao inayotumika. Anza na UDP ya megabiti 10, panda kwa kumi kumi, nje ya saa za kazi, ukiwa umemjulisha mtoa huduma. Kabla ya yote, pima ukubwa wa pakiti kwa `ping -M do -s 1472` kwenda tawini. Ikikataa, shuka hadi ipite. Njia ikiwa ndani ya VPN ya IPsec, namba itakuwa chini ya hapo, na TCP isiporekebishiwa MSS (ukubwa wa juu wa data katika pakiti moja) kwenye ruta, kurasa nyepesi zitafunguka na nakala ya usiku itaganda bila ujumbe wowote wa kosa, huku `ping` ya kawaida ikijibu vizuri muda wote.